Doa la Mafuta Mekundu

Mwaka jana chuo chetu cha ualimu kilipatwa na msiba mdogo ulionifundisha historia kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Tunayo pikapu moja, nayo ndiyo mkono wa kuume wa chuo: huleta mahindi na maharagwe, hubeba madawati, na usiku wa dharura humkimbiza mgonjwa hospitalini. Pikapu hiyo haina kanyagio la klachi. Gia zake hujibadilisha zenyewe, na dereva kazi yake ni kukanyaga mafuta, kukanyaga breki na kushika usukani. Msimamizi wake ni mimi.

Siku moja tulikuwa tukipanda mlima na magunia ya mahindi nyuma. Ghafula injini ikaanza kunguruma kwa nguvu, walakini gari halikuongeza mwendo. Dereva akazidi kukanyaga. Injini ikazidi kupiga kelele, na gari likazidi kulegea. Ilikuwa kama mtu apandaye kilima cha utelezi baada ya mvua: miguu yaenda mbio, mwili u pale pale. Mafundi husema gia zateleza.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea hakukawia. Aliliendesha gari mara moja, akashuka, akasema giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Bei aliyoitaja ingalimeza fedha zote tulizoweka kwa ajili ya vitabu vya muhula ule. Mkuu wa chuo akaniuliza, "Mwalimu, una hakika?" Sikuwa na hakika. Nikaomba siku saba, nikaenda kwa fundi mwingine, mzee aliyezeekea katika kazi hiyo. Naye, kabla ya kugusa spana, aliniuliza swali nisilokuwa na jibu lake: "Mwalimu, mafuta ya giaboksi yalipimwa lini?"

Ili tufahamu kwa nini mzee alianzia hapo, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, tuone giaboksi ya namna hii ilizaliwaje.

Injini ya petroli ina kasoro moja ya asili: ikizunguka polepole haina nguvu. Kwa hiyo gari huhitaji gia ndogo ya kuondokea na kupandia mlima, na gia kubwa ya kwendea mbio penye tambarare. Katika magari ya mwisho wa karne ya 19 dereva alikanyaga klachi ili aitenge injini, akasukuma gia kwa mkono ikaumane na nyingine. Na kama hakuwa stadi, meno yalisagana kwa kelele ya kutisha. Mwaka 1908 Henry Ford alitoa gari lake la Model T, ambalo gia zake zilipangwa kwa mfumo uitwao wa sayari: gia moja katikati mfano wa jua, na nyingine ndogo zikiizunguka. Gia hizo ziliumana daima. Dereva alibadilisha mwendo kwa kanyagio lililokaza mkanda ndani ya giaboksi, na mkanda ukiisha kulika, uliteleza. Basi ugonjwa wa pikapu yetu si mpya.

Hatua kubwa iliyofuata haikutoka barabarani, ilitoka baharini. Katika mji wa Stettin, ambao wakati huo ulikuwa wa Ujerumani na leo ni wa Poland, palikuwa na kiwanda cha kuunda meli kilichoitwa Vulcan. Mhandisi mmoja wa hapo, Hermann Föttinger, alikabiliwa na taabu hii: mtambo wa mvuke uitwao tabini hufanya kazi vizuri ukizunguka upesi sana, hali rafadha ya meli hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole. Mwaka 1905 aliomba hati ya uvumbuzi kwa jawabu lake. Fikiri feni mbili zinazotazamana: washa moja, na upepo wake utaizungusha ya pili. Föttinger alitumia umajimaji mahali pa upepo. Gurudumu la kwanza lenye mapanga liliurusha umajimaji, nao ukayapiga mapanga ya gurudumu la pili na kulizungusha. Kati yao aliweka mapanga yasiyozunguka, yaliyougeuza mkondo ili nguvu ya kuzungusha izidi. Nguvu ikavuka kutoka gurudumu moja hadi jingine bila chuma kugusa chuma.

Huko Marekani, katika kampuni ya General Motors, alikuwako mhandisi aitwaye Earl Thompson. Njia aliyoivumbua ya kuzuia meno ya gia yasisagane ilitiwa katika magari ya Cadillac mwaka 1928. Kisha yeye na wenzake wakayaunganisha mawazo mawili: zile gia za sayari, na kiungo cha umajimaji cha namna iliyo nyepesi zaidi, chenye magurudumu mawili tu. Matunda ya kazi yao yalitangazwa mwaka 1939, yakauzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 kwa jina la Hydra-Matic. Ndani yake pampu ilisukuma mafuta, vali zikapima mwendo wa gari na haja ya injini, na shinikizo la mafuta likakaza klachi na mikanda badala ya mguu wa mtu.

Huenda mtu akadhani hicho kilikuwa kitu cha anasa, cha kuwapumzisha matajiri. Vita vya Pili vya Dunia vilionyesha vingine. Kifaru chepesi cha M5, kilichoanza kuundwa mwaka 1942, kiliendeshwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Baada ya vita, mwaka 1948, magari ya Buick yakaletewa giaboksi iliyoitwa Dynaflow, ambayo ilirudia wazo kamili la Föttinger la kuzidisha nguvu. Chombo hicho chaitwa tokikonvata, nacho kimo hata katika pikapu yetu.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuyatazame mafuta yenyewe. Katika giaboksi ya namna hii mafuta yana kazi nne: kupitisha nguvu ya injini, kukaza klachi, kulainisha vyuma, na kuchukua joto kulipeleka kwenye kipozeo. Tena yana kazi ya tano, ngumu kuliko zote: sharti yaache vyuma viteleze panapofaa kuteleza, na yaache sahani za klachi zishikane panapofaa kushikana. Kwa ajili ya kazi hiyo ya tano, watengenezaji wa Marekani walikuwa wakitia ndani yake mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa na meno katika taya la chini. Mafuta yake yalistahimili joto, na yalizifanya sahani zishikane kwa upole, bila kutetema.

Lakini nyangumi walikuwa wakiisha. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliwaandika katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na sheria ya mwaka 1973 ikakaza ulinzi huo. Likawa jambo la lazima, tena la haki, kuyatoa mafuta ya nyangumi katika giaboksi. Taabu ilikuwa kupata kitu cha kufanya kazi ile ile bila kuleta madhara mengine. Mafuta ya kwanza ya General Motors yasiyo na nyangumi yalidhuru viungio vya metali vya vipozeo, hata ikapasa mchanganyiko ubadilishwe tena. Hatimaye wanakemia walifaulu, na leo giaboksi hufanya kazi bila nyangumi hata mmoja kuuawa. Walakini fundisho lilibaki: katika mtambo huu, kitu kidogo kikibadilika ndani ya mafuta, dhara laweza kutokea mahali ambapo hakuna aliyepatazamia.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Aliegesha pikapu mahali tambarare, akaiacha injini ipate joto, akausogeza mkono wa gia katika kila nafasi na kuurudisha. Kisha, injini ikiwa bado yanguruma, kama kitabu cha gari lile kinavyoagiza, akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Mafuta ya namna hii aghalabu hutiwa rangi nyekundu ili yatambulikane na ya injini. Yetu yalikuwa ya kahawia, yalinuka kama kitu kilichoungua, tena yalikuwa chini ya alama ya mwisho. Akaniambia, "Mwalimu, hili ni jambo la kwanza. Usiniambie bado ni la mwisho."

Alizima injini, akalikalisha gari juu ya vigingi vya chuma, akaingia chini. Mpira mmoja, kati ya ile ipelekayo mafuta kwenye kipozeo ndani ya rediota, ulikuwa na ufa. Akafungua sampu, yaani kile kibeseni cha chini. Ndani mlikuwa na unga mweusi, ambao ni masalio ya sahani za klachi. Juu ya sumaku palikuwa na tope jembamba la kijivu, lakini hapakuwa na vipande vya chuma. "Meno ya gia ni mazima," akasema.

Alibadilisha mpira na chujio, akatia mafuta mapya ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, akafunga saa ya kupimia shinikizo. Shinikizo lilikuwa sawa. Kwa hiyo pampu haikuwa na hatia. Tukapanda kilima. Gia ya kwanza na ya pili zilivuta vizuri, na ya kurudi nyuma pia. Ni ya tatu tu iliyoteleza. Mzee akanieleza kwamba nguvu za gia zote hupitia tokikonvata ile ile na pampu ile ile. Kama mmojawapo wa hao angalikuwa mgonjwa, gia zote zingaliugua. Mgonjwa, basi, ni klachi ile inayokazwa kwa gia ya tatu.

Giaboksi ilipofunguliwa, tuliona alivyosema. Sahani za klachi hiyo zilikuwa nyeusi kama makaa, na zile za chuma zilizo kati yao zilikuwa zimegeuka rangi ya samawati kwa joto. Akazitoa, akaweka mpya baada ya kuzilowesha katika mafuta, akabadilisha sili za mpira, akasafisha kipozeo na mabomba yake. Gharama haikuwa ndogo, lakini haikufikia hata nusu ya bei ya fundi wa kwanza. Vitabu vya muhula vikanunuliwa.

Nilipokuwa nikilipa, nilimuuliza mzee ni nini hasa kilichoziunguza sahani. Akajibu, "Mpira ulipasuka, mafuta yakapungua. Mafuta yalipopungua, pampu ikavuta hewa mlimani. Klachi haikukazwa sawasawa, ikateleza; na kinachoteleza huungua. Ningalibadilisha sahani nikauacha mpira, ungalirudi kwangu kabla ya mwezi kwisha." Kisha akauliza, "Je, hamkuona mafuta chini, pale gari linapolala?"

Hapo nilinyamaza. Tuliyaona. Wiki kadhaa kabla ya siku ile ya mlimani, mlinzi aliniita asubuhi akanionyesha doa jekundu uani. Siku ya pili yake tulikuwa tukitazamia wakaguzi, nami nilitaka ua uwe safi. Niliagiza mchanga umwagwe juu ya doa. Lilipotokea tena, nikaagiza mchanga mwingine.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba mambo makubwa yana chanzo chake, na kwamba yule aitazamaye dalili peke yake hudanganyika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; nami niliyaona mawingu, nikayafunika kwa mchanga. Fundi wa kwanza aliona dalili akataka kubadilisha mtambo mzima. Mzee alianza na jambo jepesi lisilo na gharama, akafuata alama moja baada ya nyingine, akafika kwenye ufa usiozidi urefu wa ukucha. Nilimtambua kuwa mwanahistoria kuniliko mimi.

Siku hizi mlinzi ana ruhusa ya kunigongea mlango wakati wowote akiona tone chini ya pikapu, nami hutoka na tochi. Mchanga umerudishwa kwenye bustani.