Ioni Zilizofutwa: Mlinganyo wa Kiioni katika Historia ya Shaba ya Lualaba

Historia ya shaba katika nchi ya Lualaba na Katanga imeandikwa zaidi na wanahistoria wa siasa na wa kazi. Makala haya yanaitazama kupitia milinganyo ya kemia, kwa sababu kila namna ya kupata shaba ina mlinganyo wake, na kila mlinganyo una vitu unavyovitaja na vingine unavyoviacha.

Kwa karne nyingi shaba ilipatikana kwa moto. Misalaba ya shaba iliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958 katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yathibitisha ukale wa ufundi huo. Wafuaji walichoma malakiti, jiwe la kijani, pamoja na makaa ya miti. Jiwe lilipoteza kwanza maji na kaboni dioksidi. Kisha kaboni ikaondoa oksijeni iliyobaki:

2CuO + C → 2Cu + CO₂

Hapa hakuna mmumunyo, wala ioni ya kufutwa. Tanuri lililowashwa na Union Minière du Haut-Katanga mjini Lubumbashi mwaka 1911 lilikuwa kubwa zaidi, lakini nalo lilifuata njia ya moto.

Mageuzi yalikuja na maji. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, mjini Likasi, kilianza kuyeyusha madini kwa asidi sulfuriki na kuitoa shaba kwa umeme. Mwaka 1960 kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kikafuata njia hiyo. Tangu hapo kazi ya shaba haielezeki bila ioni. Neno hilo, ambalo katika Kigiriki lina maana ya "kiendacho", lilianza kutumiwa na Michael Faraday mwaka 1834. Katika miaka ya 1880 Svante Arrhenius wa Sweden alieleza kwamba asidi na chumvi zikiyeyuka majini hujitenga kuwa ioni.

Tuchukue malakiti ndani ya asidi:

Cu₂CO₃(OH)₂ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + CO₂ + 3H₂O

Ili kupata mlinganyo kamili wa kiioni, twatenganisha vile tu vilivyojitenga katika mmumunyo. Jiwe, gesi na maji huandikwa vizima:

Cu₂CO₃(OH)₂ + 4H⁺ + 2SO₄²⁻ → 2Cu²⁺ + 2SO₄²⁻ + CO₂ + 3H₂O

Sulfati yaonekana pande zote mbili bila kubadilika. Ioni ya namna hiyo huitwa mtazamaji, nayo hufutwa. Kinachobaki ni mlinganyo halisi wa kiioni:

Cu₂CO₃(OH)₂ + 4H⁺ → 2Cu²⁺ + CO₂ + 3H₂O

Kisha umeme hurudisha shaba katika hali ya metali:

2Cu²⁺ + 2H₂O → 2Cu + O₂ + 4H⁺

Msomaji ataona kwamba zile H⁺ nne zimerudi, tayari kuyeyusha jiwe jingine. Sulfati imezisindikiza kwenda na kurudi, na haikuandikwa popote.

Ufupisho huu ni sahihi, na ndio nguvu yake: waonyesha kinachotendeka hasa. Lakini "mtazamaji" si jina la kitu, ni jina la nafasi. Nomino iliyo kiima katika sentensi moja yaweza kuwa yambwa katika nyingine. Ndivyo ilivyo ioni. Tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo ya mpaka katika ukanda uleule wa shaba, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka huko Chambishi, Zambia. Maji mengi yenye asidi yalimwagika na kuufikia mto Kafue, na chokaa ikatiwa mtoni ili kuituliza asidi hiyo. Chokaa ikikutana na asidi sulfuriki, sulfati yaweza kutua kama jasi:

Ca(OH)₂ + 2H⁺ + SO₄²⁻ → CaSO₄·2H₂O

Katika mlinganyo huu hakuna wa kufutwa. Mtazamaji wa kiwandani amekuwa mtendaji mtoni.

Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Mjini Kolwezi mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kemia kwa Kifaransa, ilhali mchimbaji apakiaye madini na mama afuaye nguo mtoni huzungumza Kiswahili. Istilahi zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachohitajika ni kuzitumia katika mifano ya mahali petu. Naye mwalimu afundishaye somo hili asikimbilie mlinganyo halisi. Aandike kwanza ule kamili, awaulize wanafunzi wanachofuta na kinakokwenda, ndipo afute.