Kibati cha Solihull

Wengi wetu tuliusoma mji huu kabla ya kuukanyaga, na tuliusoma kwenye kibati. Ndani ya Land Rover za zamani, ziwe za bwana shamba, za polisi au za misheni, kulikuwa na kibati kidogo chenye jina la kampuni ya Rover na chini yake maneno haya: Solihull, Warwickshire, England. Mtoto aliyebahatika kukaa kiti cha mbele wakati dereva anakunywa chai aliyakariri maneno hayo bila kujua yanatamkwaje. Leo tunapanda basi kutoka Birmingham kwenda Solihull kununua viatu, na wala hatushtuki.

Lakini swali moja hurudi kila mara barazani kwetu: kwa nini bodi ya gari lile haikuliwa na kutu, hata kwa wenzetu wa pwani ambako chumvi hula kila kitu? Jibu lake ni habari ya uhaba. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, na serikali ilikitoa kwanza kwa viwanda vilivyouza bidhaa nje. Rover ilikuwa imezoea kuwatengenezea madaktari na mawakili magari ya heshima. Sasa ilikuwa na kiwanda kikubwa pale Lode Lane, Solihull, kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za kivita, na haikuwa na chuma cha kukijaza. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani alitumia Jeep kuukuu la jeshi la Marekani. Hapo ndipo lilipotoka wazo la gari la mkulima, lenye bodi ya alumini, ambayo haikuwa ya mgawo. Rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilikuwa mabaki ya vita. Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na wenyewe walilihesabu kuwa la kupitishia siku ngumu tu.

Injini yake ya kwanza ilikuwa ya petroli, ya lita 1.6, yenye nguvu ya farasi 50 hivi. Jambo ambalo vijana wetu hawalijui ni kwamba injini ile haikuwa ya kuzungusha magurudumu peke yake. Fundi angeweza kufunga mkanda au shafti na kuendesha msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupurura nafaka. Kwa hiyo shambani lilikuwa gari na mtambo kwa wakati mmoja. Mwaka 1957 ikaja injini ya dizeli, na huku kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Dizeli haina plagi wala distributa. Huwaka kwa mgandamizo wa hewa peke yake, hivyo maji ya mto yakirukia injini hayazimi cheche, maana cheche yenyewe haipo. Waliowahi kuvuka korongo mwezi wa Aprili wanaelewa tunachosema.

Katika miaka ya 1950 Land Rover ilimbeba bwana DC, na ilimbeba vilevile kiongozi wa TANU aliyekuwa akizunguka vijijini kudai bwana DC aondoke.

Turudi nyuma kidogo, maana Birmingham haikuanza na Rover. Pale Broad Street pana sanamu ya dhahabu ya watu watatu, Boulton, Watt na Murdoch, ambayo wengi wetu tunaipita bila kuitazama. Hao ndio waliotengeneza injini za mvuke Soho na Smethwick, na Murdoch alikwishaunda kigari kidogo cha mvuke mwaka 1784, karne nzima kabla ya petroli. Mwajiri wake hakupendezwa na mchezo huo. Mwaka 1895 Frederick Lanchester alianza kuunda gari lake la petroli hapa hapa mjini, na baadaye akafungua kiwanda Sparkbrook, mtaa ambao leo tunaujua zaidi kwa sambusa. Mnara wake umesimama Nechells. Mwaka 1905 Herbert Austin alichukua jengo la zamani la uchapaji huko Longbridge, kusini mwa jiji, akaanzisha kampuni yake. Gari lake dogo la mwaka 1922, Austin Seven, ndilo lililowawezesha Waingereza wa kipato cha kati kuachana na pikipiki yenye kikapu. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliingia katika biashara ya magari kwa kutengeneza Austin Seven kwa leseni. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Gari halitembei bila tairi, na hapa simulizi inatugusa pabaya. Tairi la upepo la Dunlop lilianza mwaka 1888, kwanza kwa baiskeli, na dunia nzima ikataka mpira. Miaka hiyo hiyo Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, hadi mwaka 1908. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa porini kwa kipimo. Wake walishikwa mateka mpaka waume warudi na mzigo, na wengine walikatwa mikono. Hatusemi kila tairi la Birmingham lilitoka huko. Baadaye Dunlop ilikuwa na mashamba yake Malaya. Lakini wenzetu Wakongomani wanapopita barabara ya M6 na kuliona lile jengo kubwa la Fort Dunlop, lililoanza kujengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hawalioni kwa jicho tunaloliona nalo sisi wengine. Mmoja wao alituambia hivyo garini, kisha akanyamaza mpaka tukafika.

Tukija kwenye petroli, hiyo nayo ilikuwa na siasa zake. Mwaka 1956 mfereji wa Suez ulifungwa, meli za mafuta zikakwama, na Uingereza ikaingia tena kwenye mgawo wa petroli. Kutokana na shida hiyo Alec Issigonis alipewa kazi ya kubuni gari dogo la matumizi madogo. Alilaza injini kwa upana badala ya urefu, akaweka gia chini yake, na mwaka 1959 ikatoka Mini, iliyotengenezwa Longbridge hadi mwaka 2000.

Wenyeji wa Afrika Mashariki walifika kwenye viwanda hivi kwa njia nyingi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Baadhi yao walikuja Birmingham, na mpaka leo ukiingia duka fulani Handsworth unajibiwa kwa Kiswahili safi kuliko cha watoto wako. Wakati huo huo kazi ya kuunganisha magari nayo ilikuwa ikihamia kwetu. Katika miaka ya 1970 Leyland ilifungua kiwanda Thika, ambako Land Rover ziliunganishwa kutoka vipande vilivyokuja kwa meli. Lakini soko lilikuwa limeanza kuponyoka. Mashindano ya Safari Rally yalikuwa tangazo kubwa kuliko gazeti lolote, na Datsun ilishinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Mjapani alileta gari linalowaka asubuhi, na spea zake zilipatikana hata Tabora. Hapa Longbridge menejimenti na vyama vya wafanyakazi walikuwa wakivutana. Sisi tunaona wote wawili walikuwa na makosa, ingawa tunajua wapo wasomaji watakaotupinga.

Mwaka 1994 BMW, wale waliojifunza kwa Austin Seven, waliinunua Rover. Mwaka 2000 wakaiuza Longbridge kwa pauni 10. Msidhani ni kosa la chapa: ni pauni kumi. Land Rover ilikwenda kwa Ford, na mwaka 2008 ikanunuliwa na Tata ya India pamoja na Jaguar. Longbridge ilianguka Aprili 2005, na watu zaidi ya 6,000 wakapoteza kazi kwa mara moja. Wengi walipata kazi nyingine baadaye, lakini kwa mshahara mdogo zaidi. Baadhi yetu tulikuwa katika karakana ndogo zilizotengeneza vipuri, ambazo majina yake hayakutajwa kwenye habari. Tulipewa barua siku ya Ijumaa.

Wengi wetu tukahamia kwenye teksi, na teksi maana yake ilikuwa dizeli. Tangu mwaka 2001 ushuru wa magari nchini humu ulipangwa kwa kuangalia hewa ya ukaa, na dizeli ikapata nafuu, kwa kuwa hutumia mafuta kidogo. Masizi yake na gesi zake nyingine, zinazoziba vifua vya watoto, havikuhesabiwa. Tarehe 1 Juni 2021 Birmingham iliweka eneo la hewa safi katikati ya jiji, na gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 likaanza kutozwa pauni 8 kwa siku. Tulilalamika. Halafu tukakumbuka ni wangapi kati ya watoto wetu wanabeba pampu ya pumu kwenye begi la shule, na malalamiko yakapungua sauti, ingawa deni la gari halikupungua.

Sasa tunaambiwa kila kitu ni umeme, na betri nyingi za magari zinahitaji kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa kwenye machimbo ya Kolwezi na maeneo ya Lualaba, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Baadhi yake huchimbwa kwa mikono, kwenye mashimo yanayoporomoka. Zipo betri za chuma na fosfeti zisizotumia kobalti, na matumizi yake yanaongezeka. Yule ndugu wa M6 alipoelezwa hivyo alicheka, akauliza kama basi shaba nayo imeachwa.

Land Rover ya zamani, iliyokwisha kuitwa Defender, ilitoka Lode Lane kwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya hutengenezwa Nitra, nchini Slovakia. Na huko Kenya, ambako sehemu kubwa ya umeme hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na kwenye mabwawa, mafundi wa Nairobi wamekuwa wakizichukua Land Rover kuukuu za watalii, wanang'oa injini ya dizeli, wanaweka mota na betri, na gari linarudi mbugani likiwa kimya kiasi kwamba tembo hageuki. Bodi ni ile ile ya alumini. Tumemwomba mpwa wetu mmoja aliyeko Nairobi, akipata nafasi ya kukaa kiti cha mbele, atuangalizie kama kibati bado kipo.