Usiku wa Kazi, Usiku wa Kulea: Somo Kutoka Japani

Wasee, tukiongea kuhusu kazi ya usiku hapa Kenya, tunaongelea pesa na usalama wa kufika nyumbani. Nani anabaki na mtoto, nani anampa shosho dawa saa nane usiku, hatuulizi. Japani wamevutana kuhusu kazi ya usiku kwa zaidi ya miaka 100, na kuna kitu tunaweza kujifunza hapo.

Mwaka 1886, kiwanda kikubwa cha kusokota pamba mjini Osaka kiliwekwa taa za stima. Mashine zikakimbia mchana na usiku, zamu mbili za saa 12. Wengi wa waliozifanya walikuwa wasichana kutoka mashambani. Kwa mwenye kiwanda hesabu ilikuwa tamu: mashine ni zile zile, lakini uzi unaongezeka.

Bunge likapitisha Sheria ya Viwanda mwaka 1911, ikaanza kutumika 1916. Lakini kuwakataza wanawake na watoto kazi ya usiku kukasukumwa mbele mpaka 1929. Miaka 18 mzima! Wenye viwanda hawakutaka kuachilia usiku hivi hivi.

Baada ya vita, sheria ya kazi ya 1947 ikaendelea kuwazuia wanawake kufanya kazi kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kazi kadhaa kama uuguzi. Inaonekana poa, ama? Shida ni kwamba ilimfungia mwanamke kazi na pesa za usiku, hata kama hana mtoto. Na baba mwenye watoto wadogo? Yeye angepangiwa usiku tu, kama kawaida.

Ndiyo maana mabadiliko ya 1999 ni makubwa. Katazo la wanawake watu wazima likaondolewa. Badala yake, mfanyakazi yeyote, mama au baba, mwenye mtoto ambaye hajaanza shule ya msingi, au jamaa anayehitaji uangalizi, akapata haki ya kuomba asipangiwe saa hizo za usiku. Anaomba mwezi mmoja kabla, kwa kipindi cha mwezi mmoja hadi sita, na anaweza kuomba tena. Mwajiri anakataa tu kama kazi itakwama kweli. Hospitali haifungwi, ni zamu zinapangwa upya.

Lakini sheria hiyo ina shimo. Kama nyumbani kuna jamaa wa miaka 16 kwenda juu anayeweza kulea usiku, haki hiyo huipati.

Hapo mimi nilishtuka, juu huyo jamaa ni mimi. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Shosho alikuwa amepooza upande mmoja, mathee alikuwa anapangiwa usiku wiki baada ya wiki, na mtu alikuwa lazima akeshe naye. Asubuhi ningeingia darasani nikisinzia. Mathee angekuwa Japani, wangemwambia, "Si uko na kijana nyumbani?"

Sasa rudi kwetu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza watoto kufanya kazi ya usiku viwandani. Inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi, na baba wiki mbili. Hiyo ikiisha, hakuna kifungu kinachokupa haki ya kuomba zamu ya mchana kwa sababu una mtu wa kulea. Unabaki kumbembeleza supavaiza, na ukibahatika, anakusikia.

Mimi sitaki wanawake wafungiwe kazi ya usiku tena. Hiyo tumeona ilivyowabana. Nataka haki ya kuomba, kwa mama na baba, kwa mwenye mtoto na mwenye mzazi mgonjwa. Na tukiiandika, tusiweke lile shimo la miaka 16. Kijana wa miaka 16 ana shule kesho asubuhi.