Taa Mbili Juu ya Musoma

Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani, na aliyesimama ufukweni Musoma mara nyingi huhesabu taa moja penye mitumbwi miwili. Angani mambo ni yayo hayo. Mwaka 1689, huko Pondicherry, ng'ambo ya bahari ile ile inayoosha visiwa vya Waswahili, padri Mjesuti Jean Richaud alikuwa akiifuatilia nyota yenye mkia. Darubini yake ikamfunulia kwamba Alpha Centauri, iliyodhaniwa moja, ni mbili.

Je, ni pacha kweli, au ni macho tu yanayozikutanisha? Jibu lilingoja hadi 1803, William Herschel alipothibitisha kuwa baadhi ya nyota za namna hii huzungukana. Hizo za Richaud hukamilisha mzunguko kwa takriban miaka 80. Tangu usiku wake zimekwisha kuzungukana mara nne.

Musoma, kwa ujirani wake na Ikweta, imepewa ambalo Ulaya imenyimwa. Jioni za Juni Mizar husimama kaskazini, na Alpha Centauri kusini, upande wa Bunda, zote kiasi cha digrii 30 juu ya upeo. Darubini ya uani yenye kioo cha milimita 60 huzitenganisha zote mbili.

Ndugu wa tatu, Proxima, ni mfifi mno kwa chombo hicho. Aliyemgundua, mwaka 1915 huko Johannesburg, kwa kulinganisha picha za anga za miaka tofauti, ni Robert Innes: mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 12, akauza mvinyo Sydney, na nyota akajifunza mwenyewe.