Mlango wa Tembe
Oktoba 1860 msafara wa wasafiri Speke na Grant wa Uingereza ulishika njia ya bara kuelekea Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Miongoni mwa mizigo ya wapagazi ilikuwamo kamera na vioo vyake. James Grant ndiye aliyekuwa mpigapicha. Zama zile kioo kilipakwa dawa, kikatiwa maji ya fedha, kikapigwa picha kingali kibichi na kusafishwa papo hapo kabla hakijakauka, na yote hayo ndani ya hema lililozibwa lisipenye hata uzi wa mwanga. Joto la humo lilikuwa la kuua. Safari ikiwa bado mbichi, Speke alimtaka mwenzake aiache kazi hiyo, na Grant akashika penseli na rangi. Walipoingia Kazeh mwanzoni mwa 1861, mji ule ulichorwa kwa mkono.

Kisa hiki hunishika kila mara. Jua lilikuwa tele, tena kupita kiasi. Kilichokosekana ni giza lenye ubaridi. Ibn al-Haytham wa Basra alikwisha kueleza, miaka 800 na zaidi kabla ya Grant, jinsi mwanga upitao katika tundu dogo unavyochora umbo ndani ya chumba cha giza. Picha huanzia gizani.

Na giza la namna hiyo Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, ililijua vizuri. Tembe la Kwihara, alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872, lina kuta nene za udongo na paa la bapa. Simama hatua mbili ndani ya mlango wake mchana wa kiangazi: jua limeupiga uwanja wa nje, uwanja unaurudisha mwanga ukiwa umepoa, nao unaingia kutoka upande mmoja tu. Uso uliogeukia mlango unapata upande wa nuru na upande wa kivuli, na macho yanang'aa. Studio za Ulaya ziliutafuta mwanga wa aina hiyo kwa paa za vioo na mapazia.

Katika studio ya London ndimo alimopigwa picha Kalulu, mtoto aliyetolewa zawadi kwa msafiri Stanley hapa Tabora mwaka 1871. Mwaka uliofuata alisimamishwa kando ya bwana wake mbele ya mandhari ya kutengenezwa, akionyesha Afrika ambayo haikuwemo chumbani. Kalulu alizama kwenye maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877. Ningetoa picha kumi za wasafiri ili nipate moja tu ya mtoto yule mlangoni kwao.

Pwani mambo ya picha yalikwenda upesi zaidi: Unguja ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa na studio za Wagoa, kina Gomes na kina Coutinho. Vioo vikavu, alivyovieleza Maddox wa Uingereza mwaka 1871, viliondoa adha ya hema. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na mizigo ya vioo ikaacha kupanda mabega ya watu.

Lakini jua lilibaki lilelile. Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa. Macho hugeuka mashimo meusi, pua ikadondosha kivuli mdomoni. Tena saa zetu hufuata jua la mashariki zaidi: kwa wastani, adhuhuri ya Tabora huchelewa kama dakika 49 baada ya saa sita. Anayedhani saa saba jua limekwisha kulainika anakosea.

Kosa jingine ni kanzu. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani huidanganya kamera. Kamera huipunguzia picha mwanga ili kuiokoa nguo, na uso ukapotea. Filamu za rangi nazo kwa miongo mingi zilipimwa kwa kadi za wanawake Wazungu, na albamu zetu zinalibeba deni hilo. Pima uso, iache kanzu iwake.

Leo Ng'ambo, kata ya hapa Tabora, nyumba zina baraza, kivuli kilekile cha mlango wa tembe, na simu zenye kamera ziko mikononi. Mkalishe bibi kwenye mkeka, mgongo ukutani, uso uelekee uwanja uliofagiliwa. Kama ni jioni, ngoja saa kumi na mbili ipite. Jua la Tabora huzama karibu na saa moja, na vumbi la kiangazi limekwisha kuligeuza rangi ya asali. Anapokwambia subiri kwanza nijitande kanga, subiri.