Watoto Njiti na Safari ya Kurudi Kliniki



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, tumezoea kuandika hapa habari za maulamaa na misikiti. Leo tunaandika historia ya watoto wadogo kabisa, njiti, yaani waliozaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Hapa Rwanda husemwa wamezaliwa "igihe kitageze", muda haujafika.

Suala lenyewe ni la zamani katika vitabu vyetu. Riwaya zinamtaja mwanamke aliyejifungua kwa miezi sita, akaletwa mbele ya Khalifa kwa tuhuma ya zinaa, na adhabu ikawa karibu kumshukia. Katika baadhi ya riwaya Khalifa ni Umar (r.a.), katika nyingine ni Uthman (r.a.), na aliyemtetea hutajwa kuwa Ali (r.a.) au Ibn Abbas (r.a.). Hoja ilikuwa ya hesabu tu. Suratul Ahqaf, aya ya 15, inataja mimba na kunyonyesha kuwa miezi 30. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Toa 24 katika 30, inabaki sita. Mafakihi wakauchukua kuwa ndio muda mfupi kabisa wa mimba. Wanafunzi wetu wanaijua hesabu hiyo vizuri, lakini ni wachache wanaouliza yule mtoto alilelewa vipi baada ya kesi kwisha. Na mpaka leo wapo kina mama wa njiti wanaonong'onwa mtaani kwamba miezi haitimii tangu siku ya nikahi.

Swali la malezi lilichelewa kupata jibu. Mjini Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1880, daktari Stéphane Tarnier aliingiza wodini mashine ya kuwapa watoto joto, wazo alilolipata kwenye mashine za kuangulia vifaranga. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, akaona kwamba mtoto kutoka hospitalini akiwa hai hakutoshi, kwani wengi walikuwa wakifia nyumbani. Mwaka 1892, katika hospitali ya Charité, akaanzisha kliniki ambayo mama alirudi na mtoto apimwe uzito na kuangaliwa anavyonyonya. Kwetu sisi, jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko mashine.

Kisha Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Wodi zimejaa, mashine hazitoshi, na daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndio utaratibu tunaouita kangaruu. Watu wanaikumbuka picha ya mtoto kifuani. Wanalolisahau ni sharti lake: mama aliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, naye ilibidi arudi kliniki mara kwa mara.

Hapa Kigali kangaruu ilianza mwaka 2007 katika hospitali ya Muhima. Bibi zetu walibeba watoto mgongoni kwa ingobyi, na bila shaka wapo walioshangaa kumwona mtoto amefungwa mbele. Lakini watoto walipona. Takwimu za taifa za mwaka 2000 zilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 44 walikufa kabla ya kutimiza mwezi. Katika utafiti wa 2019-20 walikuwa 19. Hapo likaja swali la Budin: wakishatoka wodini, nani anawafuata?

Mwaka 2014 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la Inshuti Mu Buzima na UNICEF, walifungua kliniki za makuzi ya watoto mashariki mwa nchi, wakianzia Rwinkwavu wilayani Kayonza. Wauguzi ndio wanaoziendesha. Wanapima uzito na kimo, wanaangalia kama mtoto anashika kitu, anakaa, anageukia sauti. Watafiti walipowatafuta njiti waliotoka hospitali ya Rwinkwavu kabla ya kliniki hiyo kuanza, waliwakuta wengi wao wamedumaa, na wengi wako nyuma katika makuzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, na hapakuwa na mahali maalumu pa kurudi.

Hata penye kliniki, kurudi si jambo jepesi. Mutuweli inabeba sehemu kubwa ya matibabu, lakini nauli ya pikipiki hailipi, wala siku ya biashara iliyopotea. Mama ana mtoto mwingine nyumbani. Baba anauliza: "Amenenepa, anacheka, unampeleka kufanya nini?" Swali hilo tumelisikia mara nyingi, na jibu lake ni kwamba madhara mengine hayaonekani kwa macho ya nyumbani. Njiti wanaweza kupata ugonjwa wa mishipa ya nyuma ya jicho, unaopofusha. Ukigunduliwa katika wiki za mwanzo unatibika, ukichelewa hautibiki. Mtindio wa ubongo nao huanza kwa dalili ndogo, kama mguu mmoja mkakamavu, na mazoezi yakianza mapema humsaidia sana mtoto.

Jambo jingine linalowatesa wazazi ni kulinganisha. Mtoto wa jirani anakaa, wa kwangu bado. Wauguzi hutumia umri uliosahihishwa: aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, akifika miezi sita anahesabiwa kama wa miezi minne. Huhesabiwa hivyo mpaka miaka miwili. Mama aliyeelezwa hesabu hii hulala usingizi. Asiyeelezwa huishi na hofu, au huficha mtoto ndani.

Mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya: kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, familia nzima ishirikishwe, na watembelewe nyumbani baada ya kuruhusiwa. Baba naye anaweza kumweka mtoto kifuani.

Sisi walimu tunawapokea watoto hawa wakiwa na miaka mitano au sita. Mmoja anashindwa kushika kalamu, mwingine haoni ubao, tunamwita mvivu. Kwa hiyo katika fomu ya kuandikisha wanafunzi wapya tumeongeza mstari mmoja, chini ya jina la mama: mtoto alizaliwa wiki ya ngapi?