Nyimbo Zilizoingia Kwetu na Wimbo Uliotoka

Ndugu wanajumuiya, kila mwaka kwenye harambee kwaya yetu huimba nyimbo za mataifa mbalimbali: za Afrika Kusini, za Kilatini, za Kijerumani, kisha ndipo zije za Kihaya. Na kila mwaka wapo wanaouliza: mbona kwaya ya watu wa Bukoba inaimba nyimbo za watu? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika historia yetu.

Kabla ya kwaya za sauti nne, kwetu tulikuwa na enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika gogo. Mpigaji aliimba habari za watawala na mashujaa usiku kucha. Mwaka 1892 mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi, wakaja na nyimbo za Kilatini. Mwaka 1910 wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani wakafika Bukoba na tenzi zao. Babu na bibi zetu walizipokea, wakazifanya zao.

Hata hivyo palikuwa na tatizo. Kihaya ni lugha ya toni. Maneno yake yakilazimishwa kufuata tuni ya Kijerumani, sauti hupanda mahali pa kushuka, na neno halisikiki kama linavyosemwa nyumbani. Ndiyo maana katika miaka ya 1960, kwenye chuo cha theolojia cha Makumira karibu na Arusha, mwalimu Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi watunge tenzi kwa tuni za Kiafrika.

Mmoja wao alikuwa Bernard Kyamanywa, mwana wa kwetu. Mwaka 1966 alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutungia maneno ya Kijerumani, na Olson akaufasiri kwa Kiingereza. Leo ni wimbo namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, na makanisa ya Marekani nayo huuimba. Waliotuletea tenzi sasa wanaimba wetu.

Wala si huo tu uliovuka mipaka. Tuni ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Tunapousimamia kwa heshima, nani kati yetu anauona mgeni?

Basi kwaya yetu inapoimba nyimbo za mataifa, haijasahau kwao. Inafanya yale waliyofanya wazee: kupokea, na kutoa. Lakini anayetaka kutoa lazima awe na kitu mkononi, na hapo ndipo tunapowaomba mtusikilize.

Wimbo wa Kyamanywa ulifika mbali kwa sababu uliandikwa. Nyimbo nyingi za enanga, za harusi na za kubembeleza watoto hazijaandikwa. Wasomi kama Profesa M. M. Mulokozi walikusanya tenzi za enanga, na tunawashukuru, lakini kazi haijaisha. Wanaozijua nyimbo hizo ni wazee, na kila tunapokwenda nyumbani kuzika, huenda tunazika na wimbo. Huku mjini watoto wetu wengi wanakutana na Kihaya mazoezini tu, kupitia maneno ya nyimbo.

Kwa hiyo tunaomba sehemu ya michango ya mwaka huu iende katika mambo matatu: kuwarekodi wazee wetu vijijini, kuandika maneno na nota za nyimbo hizo ili kwaya yoyote iweze kuzijifunza, na kumlipa mwalimu wa kuwafundisha vijana wetu kuzisoma.

Kila mmoja achangie kwa kadiri ya uwezo wake. Na mwenye bibi anayekumbuka wimbo wa zamani, tunaomba atupe jina la kijiji kabla ya kutupa fedha.